Kifua kikuu, jeni na jinsia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ni kweli wanaume wanaugua TB kuliko wanawake, au wao ndio wanaopimwa zaidi?

Ni kweli, na wala hawapimwi zaidi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu: wanaume milioni 6.0, wanawake milioni 3.6, na waliobaki ni watoto na vijana wadogo. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba hesabu ya wanawake ni ndogo kwa sababu hawafiki hospitali. Dhana hiyo ilianza kuyumba watafiti walipoacha kutegemea madaftari ya kliniki wakaenda kuwapima watu huko huko wanakoishi, makohozi na picha ya kifua, mwenye dalili na asiye nazo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikusanya tafiti za aina hiyo kutoka nchi 28, zenye watu zaidi ya milioni 3. Ulikuta TB yenye bakteria kwenye makohozi kwa wanaume ni zaidi ya mara 2 ya wanawake. Pengo la mitaani lilikuwa pana kuliko lile la kwenye madaftari, maana yake wanaume ndio wanaokaa na ugonjwa kwa muda mrefu bila kugunduliwa.

Hiyo si sigara, pombe na kazi za vumbi tu?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Sigara peke yake huongeza hatari ya kuugua TB karibu mara mbili. Weka juu yake unywaji wa kupindukia, vumbi la migodini, msongamano wa magereza na tabia ya kuvumilia kikohozi hadi kiwe kikohozi cha damu, utakuwa umeeleza mengi. Anayekwambia pengo lote ni la jeni anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Lakini panya wa maabara hawavuti sigara. Panya dume na jike wa ukoo mmoja, wanaokula chakula kimoja na kuvutishwa kiasi kile kile cha bakteria, hawafi kwa kasi moja: katika majaribio kadhaa madume yametangulia. Wataalamu wa Ujerumani waliochunguza mapafu ya panya hao waliona kuwa majike hujenga vizuri zaidi yale makundi ya seli B (seli za kinga zinazotengeneza kingamwili) yanayojikusanya pembeni mwa kidonda cha TB na kusaidia kukidhibiti. Tabia na mazingira vikishaondolewa kwenye hesabu, kuna kitu kinabaki, na hicho ndicho tunachokizungumzia hapa.

TB ni ugonjwa wa kuambukizwa. Jeni inaingiaje?

Kuambukizwa ni jambo moja, kuugua ni jingine. Inakadiriwa robo ya watu wote duniani wamewahi kupata bakteria wa TB, Mycobacterium tuberculosis, lakini katika walioambukizwa ni asilimia 5 hadi 10 tu watakaougua maishani mwao. Waliobaki huishi naye wakamdhibiti, na wengine pengine humwondoa kabisa. Swali la jeni linakaa hapo: kwa nini huyu na si yule?

Kuna tukio la kusikitisha linaloonyesha tofauti hiyo kwa ukali. Mwaka 1930 mjini Lübeck, Ujerumani, ilibainika kwamba watoto wachanga karibu 250 walikuwa wamenyweshwa BCG, chanjo ya kukinga TB, iliyochanganyika kwa makosa na bakteria hai wa TB. Zaidi ya 70 walikufa. Wengi wa waliobaki waliugua kisha wakapona, bila dawa yoyote, kwani dawa za TB hazikuwapo bado. Dozi hazikulingana, kwa hiyo si jaribio safi, ila ni vigumu kuutazama msiba ule ukasema kwamba miili yote ya binadamu inapambana na bakteria huyu kwa nguvu moja.

Tafiti za mapacha zinaongeza uzito. Pacha mmoja akiugua TB, uwezekano wa mwenzake kuugua ni mkubwa zaidi wakiwa mapacha wanaofanana kuliko wakiwa wasiofanana, ingawa wote wamelelewa nyumba moja na kuvuta hewa moja.

Na jinsia inaingiaje kwenye jeni? Si wote tuna jeni zile zile?

Karibu zote, isipokuwa hesabu ya kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, moja ya mama na moja ya baba. Mwanamume ana X moja tu, ya mama, na Y ya baba. Y ni fupi, ina jeni chache na kazi yake kubwa ni kujenga jinsia ya kiume. X ina jeni mia nane hivi zinazotengeneza protini, na nyingi kati ya hizo zinahusika na kinga ya mwili.

Matokeo yake ni rahisi kuyaona. Mwanamume akirithi jeni dhaifu iliyo kwenye X hana nakala ya akiba. Anaishi na hiyo hiyo. Mwanamke akirithi jeni ile ile, mara nyingi anayo nyingine iliyo nzima.

Hapo ndipo wasomaji wenye kumbukumbu ya somo la bayolojia huuliza swali zuri: si katika kila seli ya mwanamke X moja huzimwa? Huzimwa, na Mary Lyon ndiye aliyelieleza jambo hilo mwaka 1961. Ila kuna mambo mawili. Kwanza, seli hazikubaliani ni X ipi ya kuzima. Hii inazima ya baba, jirani yake inazima ya mama, hivyo mwili wa mwanamke ni mchanganyiko wa seli za aina mbili. Ikitokea X moja ina jeni mbovu ya kinga, bado kuna jeshi la seli nyingine linalotumia ile nzima. Pili, kuzima kwenyewe si kwa asilimia mia. Jeni kadhaa, kwa makadirio ya kawaida asilimia 15 au zaidi, hukwepa na kuendelea kufanya kazi kutoka X zote mbili. Mojawapo ni TLR7, jeni ya kinga ambayo mwaka 2018 ilionyeshwa kukwepa katika baadhi ya seli za kinga za wanawake. Huenda hilo ni sehemu ya sababu ya wanawake kuwa na kinga kali zaidi, na pia ya kusumbuliwa zaidi na magonjwa kama lupasi, ambamo kinga hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe.

Ni jeni zipi hasa za kwenye X zimehusishwa na TB?

Inayotajwa sana ni TLR8, jirani wa TLR7. Bakteria wa TB akifika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, humezwa na makrofaji, seli ya ulinzi ambayo kazi yake ni kula wavamizi. Bakteria anajikuta amefungiwa ndani ya kifuko kidogo katikati ya seli. Kwa kawaida angemeng'enywa humo, lakini wa TB ana ujanja wa kuzuia kifuko hicho kisipate tindikali na vimeng'enya vya kutosha, kisha anaanza kuzaana ndani ya yule aliyekuja kumla. TLR8 imekaa kwenye ukuta wa kifuko hicho, ikinusa vipande vya RNA (molekyuli inayobeba ujumbe wa jeni) vya kilichomezwa. Ikivikuta, inapiga kengele ya kuita kinga nyingine.

Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya wagonjwa kutoka Indonesia na Urusi: tofauti ndogo ndogo ndani ya jeni ya TLR8 zilihusiana na TB ya mapafu, na uhusiano ulijitokeza kwa wanaume. Moja ya tofauti hizo iko mwanzoni kabisa mwa jeni, pale protini inapoanza kusomwa, kiasi kwamba protini inayotokea inakuwa na urefu tofauti. Baadaye utafiti wa Afrika Kusini nao ulikuta athari za TLR8 zinatofautiana kati ya wanaume na wanawake. Tafiti nyingine hazikukubaliana juu ya aina ipi ya jeni ndiyo ya hatari. Mimi naiona TLR8 kama mshukiwa mwenye ushahidi mzuri ambaye bado hajahukumiwa.

Kabla ya hapo, mwaka 2000, uchunguzi wa ndugu wa damu waliougua TB nchini Gambia na Afrika Kusini ulikuwa umepekua kromosomu zote na kuonyesha maeneo mawili ya kutiliwa shaka: moja kwenye kromosomu ya 15, jingine kwenye X. Ulitoa dokezo la mapema kwamba X inastahili kuangaliwa.

Halafu kuna CYBB, na hapa ushahidi hauna ubishi. Jeni hii, nayo ya kwenye X, hutengeneza sehemu ya mtambo ambao seli za ulinzi huutumia kumwagia bakteria kemikali kali za oksijeni. Ikiharibika kabisa, mtoto hupata ugonjwa sugu wa granuloma, ambamo seli za ulinzi humeza vimelea lakini hushindwa kuviua, na wengi wa wagonjwa wa aina hii ni wavulana. Chanjo ya BCG inaweza kuwaletea vidonda na uvimbe usiopona. Mwaka 2011 ikaelezwa hali ya ajabu zaidi katika koo mbili: wanaume waliokuwa na hitilafu ya CYBB iliyougusa mtambo huo kwenye makrofaji tu, huku seli nyingine za damu zikifanya kazi vizuri. Udhaifu wao ulikuwa dhidi ya bakteria wa jamii ya TB. Wanawake wa koo hizo waliobeba hitilafu ile ile hawakuugua.

Hali kama hiyo ni nadra mno. Usiisome ukadhani ndiyo inayoeleza mamilioni ya wanaume wanaougua kila mwaka.

Basi kwa nini hakuna jibu la wazi hadi leo?

Kwa kiasi fulani ni kwa sababu TB haina jeni moja kubwa inayoibeba. Mkusanyiko mkubwa wa kimataifa wa tafiti za jeni, wenye wagonjwa zaidi ya 14,000 na watu wasiougua zaidi ya 19,000, ulipata sehemu moja tu iliyovuka kiwango cha uhakika kwa watu wa asili zote: eneo la HLA kwenye kromosomu ya 6, ambalo husaidia kinga kutambua vipande vya vimelea. Hilo ni vuno dogo kwa kazi kubwa kiasi hicho.

Sababu nyingine inaniudhi kidogo. Kwa miaka mingi tafiti za kupekua jeni zote zilikuwa zikiiacha X nje ya hesabu. Programu nyingi ziliandikwa kwa kudhani kila mtu ana nakala mbili za kila jeni. Mwanamume mwenye X moja anaivuruga hesabu, na suala la X kuzimwa kwa wanawake linaivuruga zaidi. Njia rahisi ikawa kuiweka kando. Ugonjwa unaoelemea jinsia moja unachunguzwa bila kromosomu inayotofautisha jinsia! Kwa maoni yangu huo ni uzembe uliovaa joho la takwimu. Siku hizi mbinu za kuihesabu X vizuri zipo, na visingizio vimepungua.

Tatizo la mwisho ni kuchanganya wanaume na wanawake kwenye kapu moja. Kama aina fulani ya jeni inamkinga mwanamke lakini inamweka mwanamume hatarini, wastani wao ni sifuri, na mtafiti ataandika kwamba haina athari. Ukiwatenganisha utaiona, ila kila kundi linabaki na nusu ya watu, na kwa watu wachache bahati nasibu huweza kujifanya ugunduzi.

Homoni je?

Homoni na jeni hazitengani, kwa sababu homoni ndizo zinazofungua na kufunga jeni nyingi, zikiwamo zisizo kwenye X. Jeni ile ile, kwenye kromosomu ya kawaida ambayo wote tunayo, inaweza kufanya kazi kwa nguvu kwenye mwili wenye estrojeni (homoni ya kike) nyingi na kwa uvivu kwenye mwili wenye testosteroni (homoni ya kiume) nyingi. Kwa jumla testosteroni hutuliza kinga, na estrojeni huelekea kuichochea, japo athari yake hubadilika kulingana na kiwango.

Angalia umri. Kwa watoto wadogo, wavulana na wasichana huugua TB kwa viwango vinavyokaribiana. Pengo linafunguka baada ya balehe na kuzidi kupanuka utu uzimani. Panya dume waliohasiwa walihimili TB kuliko wenye korodani zao. Mtetezi wa hoja ya tabia atakujibu kwamba baada ya balehe ndipo pia sigara na kazi huanza, na atakuwa na haki ya kusema hivyo. Ndiyo maana umri peke yake hauamui kesi.

Na mambo si mepesi upande wa wanawake. Miezi 6 baada ya kujifungua ni kipindi cha hatari: utafiti mkubwa wa Uingereza uliona kwamba wanawake hugunduliwa na TB karibu mara mbili zaidi katika kipindi hicho kuliko nyakati zao za kawaida. Wakati wa ujauzito kinga hujirekebisha ili isimkatae mtoto, na inaporudi kwa kishindo baada ya kujifungua, TB iliyokuwa imelala hujitokeza. Mama anayekohoa wiki kadhaa baada ya kujifungua asiambiwe ni uchovu wa kunyonyesha. Apimwe.

Kwa hiyo mwanamke ana usalama wa kuzaliwa nao?

Hapana. Milioni 3.6 kwa mwaka si idadi ya watu walio salama. VVU, kisukari na lishe duni huweza kuufuta unafuu wowote wa X mbili. Mtu mwenye VVU ana hatari ya kuugua TB zaidi ya mara 10 ya asiye navyo. Tena TB ya mwanamke inaweza kukaa kwenye tezi au kwenye mirija ya uzazi badala ya mapafu, ambako hakuna kikohozi cha kumshtua mtu. Wako wanaokuja kuijua wakati wanatafuta sababu ya kutopata mimba.

Je, kuna maambukizi sugu ya mapafu yanayowaelemea wanawake?

Yapo, na hapa ndipo somo hili linaponinogea, kwa sababu linakataa kuwa hadithi ya mwanamume dhaifu na mwanamke imara.

Bakteria wa TB wana ndugu wengi wanaoishi kwenye maji na udongo, maarufu zaidi wakiwa kundi la Mycobacterium avium. Hawaenei kwa urahisi kutoka mtu hadi mtu, na mapafu mazima huwashinda. Lakini wapo wanawake, wengi wao waliovuka ukomo wa hedhi, ambao hawajawahi kuvuta sigara wala kuwa na upungufu wa kinga unaojulikana, na bado wanapata maambukizi haya na kukohoa miaka nenda miaka rudi. Madaktari waligundua kwamba wanafanana kimaumbile: wembamba, mara nyingi warefu, wengine na uti wa mgongo uliopinda au mfupa wa kifua uliobonyea ndani. Walipochunguzwa jeni zao hawakukutwa na hitilafu moja kubwa. Walikuwa na mkusanyiko wa tofauti ndogo katika jeni za tishu unganishi, za vinyweleo vinavyofagia makamasi kwenye njia ya hewa, za kinga, na CFTR, jeni inayoratibu chumvi na maji kwenye makamasi. Kila moja peke yake isingemfanya mtu augue; zikikutana katika mwili mmoja, makamasi yanakwama na bakteria anapata makazi.

CFTR ina kisa kingine. Mtu akirithi nakala mbili mbovu hupata sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya makamasi kuwa mazito, na mapafu yake huvamiwa na bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa. Jeni hii iko kwenye kromosomu ya 7, haina uhusiano wowote na X, na wasichana na wavulana huirithi sawasawa. Hata hivyo kwa miaka mingi wasichana ndio walioonekana kuvamiwa mapema na kufa mapema. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba estrojeni humsaidia bakteria huyo kubadilika na kujivika ute mzito unaomkinga dhidi ya dawa na kinga. Homoni inayoonekana kuwa rafiki mbele ya TB ikawa adui mbele ya Pseudomonas.

Kuna jambo la kutahadhari. Chini ya darubini, kwa rangi inayotumika kutafuta TB, ndugu hawa wa TB huonekana kama TB yenyewe: vijiti vyekundu juu ya mandhari ya buluu. Mwanamke mzee ambaye makohozi yake yana vijiti na dawa za TB hazimsaidii anastahili kipimo cha molekyuli au cha kuotesha bakteria kabla ya kuambiwa ana TB sugu.

Kaka yangu aliugua TB, na baba pia. Nimerithi?

Ulichokuwa nacho pamoja nao kwa hakika ni hewa. Ukiishi na mgonjwa, hatari yako kubwa inatoka kwake, si kwenye damu yenu. Nenda ukapimwe hata kama hukohoi. Ukionekana huna TB inayofanya kazi, unaweza kupewa dawa za kinga, kwa mfano isoniazidi pamoja na rifapentini mara moja kwa wiki kwa miezi 3.

Kuhusu urithi wa X, watu huukosea. Baba hampi mwanawe wa kiume X, anampa Y. X ya kaka yako ilitoka kwa mama. Kwa hiyo udhaifu wa kwenye X hauwezi kupita moja kwa moja kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Hupita kwa binti, ambaye huenda asiugue, kisha ukatokea kwa mtoto wake wa kiume.

Kuna kipimo cha jeni cha kuniambia kama nitaugua?

Hakuna, na usimlipe anayekuahidi. Jeni zinazojulikana zina athari ndogo mno kumtabiria mtu mmoja.

Kipimo cha jeni kina maana katika hali chache zinazojulikana: mtoto ambaye BCG imesambaa mwilini mwake au imemletea majipu yasiyopona, mtoto anayerudiwa na maambukizi mazito ya salmonela, au ukoo ambao wavulana, wakiwamo wajomba upande wa mama, wamekufa utotoni kwa maambukizi. Mtajie daktari habari hiyo ya wajomba hata asipouliza. Katika familia ya namna hiyo, wengine huahirisha BCG kwa mtoto mchanga wa kiume hadi apimwe.

Je, matibabu ni tofauti kwa wanaume na wanawake?

Dawa ni zile zile. Kwa TB isiyo sugu, utaratibu uliozoeleka ni miezi 6: dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4. Kuna jeni inayogusa matibabu, NAT2, inayoamua ini litaivunja isoniazidi haraka au polepole. Wanaoivunja polepole wana hatari zaidi ya madhara ya ini. Hiyo haiko kwenye X, na wanaume kwa wanawake wanayo vile vile.

Tofauti moja ni ya lazima kuijua. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo za TB, huharakisha ini kuvunja homoni, kwa hiyo hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi. Mwanamke anayeanza dawa za TB aulize siku hiyo hiyo kuhusu njia nyingine. Kitanzi na kondomu haviathiriki. Na asistuke mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa, ni dawa hiyo hiyo.